Kama Ni Uchawi, Mbona Unashindwa na Jasho? Historia ya Karata, Mazingaombwe na Jina la Sumbawanga

Taja Sumbawanga kwenye kijiwe chochote cha Dar, Arusha au Mwanza, lazima mmoja acheke na mwingine ajifanye kuogopa. "Huyo msimguse, katoka Sumbawanga." "Mdhulumu Mfipa uone, radi inakufuata hadi chumbani." Utani huu una miaka mingi, na vijana wa Rukwa wanaosoma au kutafuta maisha mijini wameusikia mpaka umewachosha.

Kichekesho ni kwamba jina lenyewe linasema kinyume. Kwa Kifipa, sumba ni tupa, na wanga ni uchawi. Sumbawanga: tupa uchawi. Mji ambao jina lake ni amri ya kuachana na uchawi ndio uliogeuzwa makao makuu ya uchawi kwenye midomo ya watu.

Sasa weka pakiti ya karata 52 katikati ya utani huo. Kijana anakwambia uchague karata moja, uione, uirudishe. Anachanga, anapuliza, anakutolea karata ileile kwenye mfuko wa shati lako. Akisema ametoka Tabata, watu wanapiga makofi: huyo jamaa noma! Akisema ametoka Sumbawanga, wawili watatu wanarudi nyuma hatua moja. Mikono ni ileile na karata ni zilezile, kilichobadilika ni jina la mji tu.

Yupo shahidi mmoja anayeweza kuimaliza kesi hii, na hajawahi kuitwa. Anaitwa jasho.

Kopa unalotuma kila siku ni kikombe cha Mreno

Kwanza karata zenyewe. Mchezo huu asili yake ni China, ukapita dunia ya Waarabu, ukafika Ulaya karne ya 14. Huku kwetu Afrika Mashariki, alama za njia yake zimebaki kwenye maneno. Vasco da Gama alifika pwani hii mwaka 1498. Wareno wakaanza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1593, na mwaka 1698 Waomani wakawatoa humo. Wenyewe wakaondoka, maneno yakabaki: meza, leso, mvinyo, gereza. Na karata, kutoka carta.

Karata za Wareno wa enzi hizo hazikuwa na mioyo. Zilikuwa na vikombe, copas, dhahabu, ouros, mapanga, espadas, na marungu, paus. Waswahili wakayatamka kwa ulimi wao: kopa, uru, shupaza, pau. Baadaye picha za Kifaransa, zile za moyo mwekundu na majani meusi, zikaenea duniani na kuzifunika zile za zamani. Picha zikabadilika, majina yakagoma. Ndiyo maana alama ya moyo mpaka leo inaitwa kopa. Ukimtumia mpenzi makopakopa WhatsApp usiku, kwa hesabu ya kale umemtumia vikombe.

Kuna kingine kitamu zaidi. Kamusi za zamani za Kiswahili zinamwita bibi wa karata "mzungu wa pili", ghulamu "mzungu wa tatu", na mfalme "mzungu wa nne". Kwa nini bibi awe chini ya ghulamu? Jibu liko kwenye mchezo wa Kireno uitwao bisca: bibi ana pointi 2, ghulamu 3, mfalme 4, saba ina 10 na ree ina 11. Jumlisha, kila aina inatoa 30, zote nne zinatoa 120, na mwenye 61 ameshinda. Halafu neno mzungu, wingi wake mizungu, kwa Kiswahili cha zamani lilikuwa pia na maana ya jambo la ajabu, ujanja, maarifa ya kushangaza. Yaani mizungu ya karata ilikuwa kwenye lugha hii kabla mtu yeyote hajafungua YouTube kujifunza.

Watu wasio na majina

Aliyesoma shule ya msingi Tanzania miaka ya 80, 90 au mwanzoni mwa 2000 anamjua mtu fulani ambaye hawezi kumtaja jina. Anakuja na begi lililochoka. Mwalimu wa zamu anatangaza mstarini: kesho kila mtu aje na hela ya mazingaombwe. Kesho yake watoto wanabanana darasani, madawati yamesogezwa ukutani, na yule mtu anatoa utepe mdomoni usioisha, anakata kamba inaungana, anameza kitu kinatokea sikioni kwa mtoto wa mbele. Kisha anachomoa karata.

Jina lake halikuandikwa popote. Akimaliza anahesabu sarafu na mwalimu, anafunga begi, anaelekea shule ya pili. Alikuwa msanii wa jukwaani kabla neno kontenti halijazaliwa, na hakuna hata picha moja.

Alikuwa na pacha mbaya pale stendi. Yule wa karata tatu, ambaye Kenya mchezo wake unaitwa pata potea. Karata tatu juu ya boksi, moja ndiyo yenye hela, wenzake wawili wanajifanya wapita njia na "wanashinda" ili wewe ushawishike. Mbinu ni ndugu kabisa na za yule wa shuleni. Tofauti ni kwamba wa shuleni unamlipa ili akudanganye, na wa stendi anakudanganya ili umlipe. Na hakuna aliyeliwa nauli yake kwenye karata tatu ambaye alikwenda kwa mganga kuuliza. Anajua kabisa kapigwa na mikono ya mtu.

Shikilia hilo, maana linarudi.

Karata inaposhiba hewa

Karata ya kawaida ni karatasi. Kwa usahihi ni tabaka mbili za karatasi zilizobanwa kwa gundi nyeusi katikati, ili mwanga usipenye na mwenzako asisome karata yako kwa nyuma. Juu yake kuna ngozi nyembamba ya kung'aa. Karata nzuri zina vishimo vidogo mno usoni, havionekani kwa haraka ila ukipitisha ukucha unavisikia. Humo hewa inakaa, na hewa hiyo ndiyo inayofanya karata moja iteleze juu ya nyingine kama imepakwa mafuta.

Karatasi ni nyuzi za miti, na nyuzi za miti zina kiu. Hewa ikiwa na unyevu mwingi zinakunywa, zinavimba. Upande mmoja ukinywa kuliko mwingine, karata inapinda kama kigae. Pakiti iliyokuwa inaingia kwenye boksi lake vizuri inaanza kubana. Kisha inakuja mikono: jasho ni maji, chumvi na mafuta ya ngozi. Linachanganyika na vumbi, linajaza vile vishimo, hewa inakosa pa kukaa. Karata zinaanza kushikana.

Kwa anayecheza lasti kadi haina shida kubwa, atalamba kidole na kugawa. Kwa mwanamazingaombwe ni msiba. Nusu ya kazi yake inategemea karata kutii kwa unene wa unywele. Iko mbinu ya kuinua karata mbili zikiwa zimelingana kiasi kwamba mtazamaji anaona moja. Kwenye joto la unyevunyevu, mbili zinakuja na ya tatu imeng'ang'ania nyuma. Anataka kutandaza karata ziwe kama upepo wa mkononi, zinatoka mafungu mafungu kama chapati zilizolala. Anataka kuificha moja kiganjani, inaacha alama ya maji. Na mtu aliyeanza kuhofia anatoka jasho zaidi, akitoka jasho zaidi karata zinagoma zaidi.

Juu baridi, chini moto

Hapa ndipo Ufipa inapokuwa darasa bora kuliko mji wowote wa pwani. Sumbawanga mjini iko juu ya uwanda, kwenye kimo cha kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Mwezi wa Juni na Julai watu wanatembea na makoti asubuhi, na mgeni kutoka Dar anaomba blanketi la pili. Hewa ya kiangazi ni kavu. Karata inakaa imenyooka, inalia inapochangwa.

Sasa shuka. Upande wa mashariki, ukipita ukingo wa Lyamba lya Mfipa, unateremkia Bonde la Ziwa Rukwa, kwenye vijiji kama Muze na Mtowisa. Upande wa magharibi unateremkia Kasanga, bandari ya Ziwa Tanganyika ambayo Wajerumani waliiita Bismarckburg. Kote kuwili unashuka takriban mita 1,000, na kwa kawaida kila mita 1,000 unayoshuka inaongeza joto la nyuzi 6 hivi. Ongeza mvua za Novemba hadi Aprili na pumzi ya ziwa. Koti linavuliwa njiani, shati linagandia mgongoni.

Mchukue mtu mmoja na pakiti moja. Asubuhi yuko sokoni Sumbawanga, karata inapotea mkononi mwake na watu wanashika midomo. Siku ya pili yuko Kasanga saa nane mchana, msimu wa mvua, karata ileile imegandia kwenye kiganja na mtoto wa miaka saba anaiona: "Ile pale!"

Jini gani hilo linaloshindwa kushuka mlima? Uchawi gani unaotaka hali ya hewa nzuri? Ingekuwa nguvu za giza, unyevu wa ziwa usingekuwa na habari nazo. Kinachoshindwa Kasanga ni karatasi na ngozi ya mtu, kwa hiyo kilichofanikiwa Sumbawanga nacho kilikuwa karatasi na ngozi ya mtu.

Na wala huko juu siyo peponi. Baridi kavu ina balaa lake: vidole vinakufa ganzi, ngozi inakuwa kama ganda la muhogo, karata zinateleza na kumwagika chini zote. Mkono wa karata unataka unyevu kidogo sana, wa kutosha kushika tu. Fundi wa Ufipa analazimika kujifunza mikono miwili, wa juu na wa chini.

Mafundi wanafanyaje

Dawa zao zipo, na hakuna hata moja inayohitaji hirizi.

Kwanza ni mikono. Inaoshwa kwa sabuni, inakaushwa, kisha inaachwa itulie dakika kadhaa kabla ya kugusa karata, maana maji yaliyobaki kwenye mikunjo ya vidole ndiyo yanayoharibu. Mafuta ya kupaka yanasubiri mpaka onyesho liishe. Kule kwenye baridi ni kinyume chake: tone dogo la mafuta, linasuguliwa mpaka liishe kabisa.

Pili ni poda. Wakongwe wa Ulaya na Marekani walitumia unga laini wa zinki stiareti kupaka karata ili zitandazike vizuri. Poda ya mtoto kidogo kiganjani inasaidia jasho kwa muda mfupi, lakini ikizidi inageuka tope. Unga wa sembe usijaribu kabisa, unakunywa maji na kufanya ugali kwenye vidole.

Tatu ni kuhifadhi. Karata zinarudi kwenye boksi lake, boksi linaingia kwenye mfuko wa nailoni unaofungwa, pamoja na vile vipakiti vidogo vya kukausha vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Usiku pakiti inawekewa kitabu kizito juu ili isipinde. Fundi anatembea na pakiti mbili au tatu: moja inafanya kazi, nyingine inapumzika. Na wanaotoka kwenye chumba chenye kiyoyozi kuingia kwenye joto wanaiacha pakiti izoee hewa kwanza ikiwa ndani ya mfuko, maana karata iliyopoa inavuta umande kama chupa ya soda.

Nne ni meza. Kwenye meza ya plastiki karata inagandia na haiokoteki. Kitenge kilichokunjwa mara mbili, au kipande cha blanketi, kinatosha kabisa.

Na karata za plastiki? Hazinywi maji, zinafutika kwa kitambaa, zinadumu. Ila jasho likiingia katikati yake zinashikana kama mifuko iliyolowa, na wengi wanalalamika kwamba hazina ule mrudi wa karatasi. Zinafaa zaidi kwa kucheza kuliko kwa mazingaombwe.

La tano ndilo kubwa: kuchagua mchezo kwa hali ya hewa. Kwenye joto la bonde, fundi haleti mbinu za unywele. Analeta zile zinazotegemea maneno, hesabu na kumbukumbu, ambazo jasho haliwezi kuziharibu. Huko ndiko anapoonekana fundi wa kweli, kwa sababu amejua mapema wapi mwili wake utamsaliti.

Kitabu kilichoandikwa ili watu wasife

Hoja hii ya mikono dhidi ya majini ina umri mkubwa. Mwaka 1584, Uingereza, bwana mmoja aitwaye Reginald Scot alichapisha kitabu The Discoverie of Witchcraft. Wakati huo watu, wengi wao wanawake maskini na wazee, walikuwa wananyongwa kwa tuhuma za uchawi. Scot alitaka kuonyesha kwamba tuhuma nyingi ni upuuzi. Ndani ya kitabu hicho akaeleza hatua kwa hatua jinsi wanamazingaombwe wanavyofanya: vipira, sarafu, kamba, na karata. Alifichua siri za kazi ya watu ili kuokoa roho za watu wengine.

Miaka 272 baadaye mambo yaligeuzwa. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimtuma mwanamazingaombwe Robert-Houdin kwenda Algeria, kuwaonyesha watu kwamba miujiza ya Wafaransa ni mikubwa kuliko ya viongozi wao wa dini. Alikuwa na sanduku ambalo mtoto angeweza kuliinua, kisha ghafla mwanamume mwenye nguvu anashindwa. Chini yake kulikuwa na sumaku ya umeme. Ujanja uleule, safari hii ukitumika kutawala.

Na kitabu kinachoheshimiwa kuliko vyote kwenye mbinu za karata, The Expert at the Card Table, kilitoka Chicago mwaka 1902 kwa jina la S. W. Erdnase. Hilo ni jina la kujificha, na mpaka leo watu wanabishana mwenyewe alikuwa nani. Yeye na yule wa begi lililochoka wangeelewana: kazi inajulikana, mtu hajulikani.

Kioo kidogo mkononi

Kwa Ufipa, jambo hili limewahi kuwa zito kuliko burudani. Miaka ya 1930, upande wa pili wa mpaka, kwa Wabemba wa Zambia ya leo, walizunguka vijana walioitwa Bamuchapi. Mtafiti Audrey Richards aliandika jinsi walivyopanga watu mstari na kuwapitisha nyuma ya mgongo wa kiongozi wao, naye akiwatazama kupitia kioo kidogo cha mviringo ili "amuone" mchawi. Mwaka 1963 na 1964 wimbi la aina hiyo, Kamchape, lilipita Ufipa yenyewe, na mtafiti Roy Willis aliyekuwa huko akaliandika. Watu walidaiwa watoe vitu vyao vya uchawi, wakapewa dawa. Neno kamchape bado linasikika kwenye habari za magharibi mwa Tanzania.

Kioo kidogo kilichofichwa kiganjani ni kifaa ambacho kila mwanamazingaombwe wa karata anakijua. Kwake kinamwonyesha karata ya chini, mchezo unaisha kwa makofi. Kwenye mkono wa mtu anayetafuta wachawi, kinaishia kwenye nyumba ya jirani.

Sheria ya Uchawi ya nchi hii ilitungwa enzi za Mwingereza mwaka 1928, na tafsiri yake ya uchawi inagusa hata anayejidai tu kwamba ana nguvu za siri. Lakini kabla sheria haijafika, maneno yanakuwa yameshafika. Sehemu mbalimbali za Tanzania, bibi vizee wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni miaka 50. Hakuna aliyefanya jaribio. Hakuna aliyeuliza kama kuna maelezo ya kawaida, kama vile moshi.

Karata zinafundisha kuuliza swali hilo, na kwa bei ndogo. Mtu aliyewahi kuona ajabu ikitokea mbele ya macho yake, kisha akaiona inavurugika kwa sababu ya jasho, amepata somo asilolipata kirahisi: kuona kitu usichoweza kukieleza haimaanishi kwamba hakina maelezo. Ndiyo maana Kiswahili kinauita mchezo huu kiinimacho. Ajabu iko kwenye jicho la anayetazama.

Kwa hiyo siku dogo wa Sumbawanga akikutolea karata mfukoni kwako, usirudi nyuma. Mpigie makofi, kisha muombe arudie saa nane mchana, Kasanga, mwezi wa pili. Akiweza hata huko, mlipe mara mbili, maana huyo amefanya mazoezi usiku mwingi kuliko unavyodhani.

Na wewe, yule mtu wa mazingaombwe alipokuja shuleni kwenu alifanya nini ambacho hujakielewa mpaka leo? Dondosha hapo chini.